Mtoto wa miezi saba amejaa uji, ziwa hataki. Maziwa na chakula mnapangaje?

#1 mama_wa_jioni

Habari zenu wakuu, hasa wazazi wenzangu. Mtoto amelala, nyumba imetulia, ila mimi usingizi hauji kwa ajili ya jambo hili. Bora niliandike.

Binti yangu ana miezi saba na siku nne, ndiye mtoto wangu wa kwanza. Alizaliwa na kilo 3.2. Nilimnyonyesha maziwa matupu, hata tone la maji sikumpa, mpaka alipotimiza miezi sita. Wanaofanya kazi mbali na nyumbani wanajua ugumu wake. Likizo ya uzazi siku 84 ziliisha nikarudi ofisini Posta, na tunakaa Mbagala. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, narudi saa moja jioni, foleni ikikaza inafika saa mbili. Nilikuwa nakamua usiku, nakamua na kazini kwenye stoo ya makaratasi, naweka kwenye kiboksi chenye barafu, dada wa nyumbani anampa kwa kikombe. Karibu miezi mitatu hivyo. Na kadi ya kliniki ilikuwa inanipa moyo: mwezi wa nne kilo 6.4, wa tano 6.9, wa sita 7.2.

Tulipoanza chakula ndipo mambo yalipobadilika. Mama mkwe alituletea unga wa lishe kutoka Singida, una mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga. Dada anapika asubuhi, anajaza chupa ya chai, halafu siku nzima anamimina kwenye chupa ya kunyonyea ile ya mililita 250. Mara tano kwa siku. Mtoto akilia anapewa uji, ananyamaza. Mimi nikaona friji inabaki na maziwa, nikapunguza kukamua. Niseme ukweli, nilipumua.

Sasa nikirudi jioni nikimpa ziwa anavuta mara mbili tatu, anageuza uso. Maziwa yenyewe nayo yamepungua, nikikamua asubuhi napata nusu ya nilichokuwa napata. Choo kimekuwa kigumu, siku mbili tatu hapati. Na juzi kliniki mzani umesema kilo 7.2, ile ile ya mwezi uliopita. Nesi kaweka nukta, mstari umelala. Hakunigombeza, alisema tu "mama, angalia chakula". Nimeangalia. Anakula kuliko zamani! Ndipo ninapochanganyikiwa.

Naombeni mliopitia mniambie, maziwa na chakula mnavipangaje? Kipi kinatangulia? Na mtoto wa umri huu ale kiasi gani?

#2 baba_zamu_ya_usiku

Pole dada. Nafuatilia, wa kwangu ana miezi mitano na nusu, tunakuja huko huko.

#3 Kibosho_juu

Mstari kulala mwezi mmoja usikutoe machozi, lakini usiuache. Wa kwangu wa pili ilikuwa hivi hivi. Toa hiyo chupa kwanza. Mengine utaambiwa na wanaojua kueleza kuliko mimi.

#4 nesi_mama_na_mtoto

Pole mama. Nina miaka kumi na moja kwenye kliniki ya mama na mtoto, na kadi kama ya binti yako naiona karibu kila wiki. Mwezi wa saba, mama kazini, uji kwenye chupa. Tuanze na tumbo lenyewe.

Tumbo la mtoto linabeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wako ana kilo 7.2, kwa hiyo kwa mara moja linabeba kama 216. Chupa ya 250 imeshalizidi, na hiyo anapewa mara tano. Ziwa litapata wapi nafasi? Halafu ili uji upite kwenye tundu la ile chuchu ya mpira lazima uwe mwepesi, na uji mwepesi sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mtoto ameshiba kweli, hakudanganyi, lakini ameshiba maji yenye unga kidogo, na yamekalia mahali pa maziwa ambayo yana mafuta, sukari yake ya asili na kinga. Ndiyo maana anakula zaidi na uzito haupandi.

Mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori kama 200 tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Kuanzia miezi tisa zinakuwa kama 300, akishatimiza mwaka ni kama 550. Zilizobaki zinatoka kwako. Mpaka mwaka mmoja maziwa ya mama yanampa nusu ya nguvu zake au zaidi, na mwaka wa pili bado yanampa kama theluthi. Kitaalamu tunakiita chakula cha nyongeza, kwa sababu kinakuja juu ya ziwa.

Mtu atauliza, sasa kama maziwa yanatosha hivyo, chakula cha nini? Kubwa kuliko yote ni madini ya chuma. Mtoto anazaliwa na akiba yake, na ikifika miezi sita hivi akiba hiyo inakwisha, nayo maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Hapo ndipo maini, dagaa, nyama, yai na maharage vinapotakiwa kuingia. Uji mtupu hauzibi pengo hilo hata akinywa ndoo.

Kiasi: anaanza na vijiko viwili vitatu vya chakula kwa mlo, unaongeza taratibu mpaka nusu kikombe cha mililita 250. Milo miwili hadi mitatu kwa siku kwa umri wake. Miezi 9 hadi 11 inakuwa mitatu hadi minne, na kitu kidogo cha katikati kama ndizi au parachichi. Uzito wa chakula uwe hivi: ukiinamisha kijiko, kinang'ang'ania. Kikidondoka kama mchuzi, bado.

Kipi kitangulie? Mimi akina mama wa miezi sita hadi minane huwaambia ziwa kwanza, chakula baadaye, mtoto akiwa hana njaa ya kulia wala hajashiba kabisa. Akifika miezi tisa hivi wengi nawageuzia, chakula kwanza, ziwa baadaye, maana hapo anatakiwa ale kweli. Usiku ziwa halina ratiba, anyonye anavyotaka. Na usiku ndiyo homoni inayotengeneza maziwa inapanda zaidi, kwa hiyo mama mfanyakazi usiku ndio ukulima wako.

Kwa siku yako ningeanza hivi. Saa kumi na moja alfajiri, kabla hujatoka, anyonye mpaka aachie mwenyewe. Saa mbili na nusu maziwa ya kukamua kwa kikombe. Saa nne uji mzito kwa bakuli na kijiko. Saa saba kasoro maziwa, alale. Saa tisa chakula cha kupondaponda. Saa kumi na moja maziwa kidogo tu ya kumtuliza, ili ukifika akupokee ana njaa. Ukiingia ndani, nawa, kaa chini, mpe ziwa kabla ya jambo lolote. Vyombo vitakungoja.

Na mwezi ujao usikose kliniki. Mstari ukilala mara ya pili, au mtoto akipata homa, akalegea, akawa mweupe viganjani, usingoje mwezi ufike, mpeleke apimwe malaria, mkojo na damu. Si kila uzito ulioganda ni chakula.

#5 mama_wa_jioni

Nimesoma mara tatu. Nimekwenda jikoni kupima ile chupa. Kumbe nilikuwa nafurahia friji kubaki na maziwa wakati ile ndiyo ilikuwa dalili.

#6 bibi_wa_wajukuu_tisa

Mwanangu mama_wa_jioni, usijilaumu. Na wewe nesi nakuheshimu, lakini nina neno.

Mimi nimelea watoto sita, wajukuu tisa, wote kwa uji. Uji mzito kama unavyosema, mtoto wa miezi sita anausukuma kwa ulimi, unamkwama, analia, mama anakata tamaa anatia maji. Hapo ndipo uji mwepesi unapozaliwa, si kwa sababu ya ujinga. Sisi wazee wetu walikuwa na dawa yake, kimea. Siku hizi mabinti wanadhani kimea ni cha kutengenezea pombe tu.

Unaloweka ulezi usiku kucha. Asubuhi unachuja maji, unautandaza, unaufunika kitambaa chenye unyevu. Siku mbili hivi unaona umechipua. Unauanika juani ukauke sawasawa, unaupukuchua vile vichipukizi, unasaga. Unga huo unaweka pembeni kwenye kopo. Sasa pika uji wako mzito, mzito hasa, karibu na ugali laini. Epua. Ukishapoa kiasi cha kuonja bila kuungua ulimi, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Utauona unalegea mbele ya macho yako, kama vile umeongezwa maji na wala hujaongeza. Rudisha motoni uchemke kidogo, umemaliza. Mtoto anameza kwa raha na tumbo limepata unga mwingi.

#7 nesi_mama_na_mtoto

Bibi, shikamoo. Hilo neno ni zito na nakushukuru kwa kulileta. Nafaka ikichipua inatoa kimeng'enya kinachokata wanga vipande vipande, ndiyo maana uji unalegea bila kuongezwa maji. Ulipousema ule usukumaji wa ulimi umesema kweli pia. Mtoto aliye tayari kwa chakula anakaa akiegemezwa, shingo imesimama, anafuata kijiko kwa macho, na ulimi umeacha kusukuma kila kitu nje. Wengi wanafika hapo karibu na miezi sita. Akisukuma, punguza kiasi kwenye ncha ya kijiko, mpe muda, usitie maji.

Kitu kimoja tu nongeze: huko kuchemsha tena mwishoni watu wasikuruke, maana nafaka iliyokaa na unyevu siku mbili inaota vijidudu. Na ukiona ukungu, mwaga.

#8 Mvita_mama

Nimeipenda hiyo ya bibi. Sisi huku Mombasa ulezi twauita wimbi, na nyanya yangu alikuwa akifanya vivyo hivyo, nami nilikuwa nimesahau kabisa.

Kuhusu chuma: mimi mwanangu nilimuanzisha samaki mapema, changu wa kuchemsha bila chumvi. Miiba yatafute kwa vidole, si kwa macho, macho yatakudanganya. Dagaa (omena kwa wa bara) wakaange wakavu bila mafuta, toa vichwa ukipenda, saga mpaka unga, chekecha. Kijiko cha chai ndani ya uji. Harufu itapungua ukiwasafisha vizuri kwa maji ya moto kwanza.

#9 Kibosho_juu

Sisi kwetu mtori. Ndizi mbichi na nyama vinachemshwa mpaka vinalegea, unaponda kwa mwiko. Mama anakula bakuli lake la uzazi, na mtoto akifika miezi sita anachotewa pembeni kabla chumvi haijaingia. Nyama yake iponde kweli kweli, au ikwangue kwa kisu ikiwa imeiva. Wengi wanampa mtoto supu wanakula nyama wao. Supu ina harufu ya nyama, chuma kimebaki kwenye nyama yenyewe.

#10 nesi_mama_na_mtoto

#9 hapo umegusa kidonda. Supu ya mifupa, maji ya maharage, maji ya mchicha, vyote hivyo watoto wanapewa na mama anaamini amempa mchicha. Mpe mchicha wenyewe.

Maini ni mazuri sana lakini yana vitamini A nyingi mno, mara moja au mbili kwa wiki yanatosha. Maharage chemsha yaive kabisa, ponda, pitisha kwenye chekeche uache maganda, na umpe na tunda lenye vitamini C, mfano papai au juisi ya chungwa vijiko viwili, chuma cha maharage kinapokelewa vizuri zaidi. Chai usimpe hata kidogo, inazuia chuma kuingia mwilini. Asali nayo usimpe mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga. Chumvi na sukari havihitaji, usimtilie.

Yai, samaki na karanga za kusaga laini hakuna haja ya kuvichelewesha. Kimoja kimoja, siku mbili tatu, uangalie ngozi, midomo na pumzi. Karanga nzima kamwe, hata akiwa na miaka mitatu.

#11 Ng'ambo_mama3

Niko Uingereza, watoto watatu, wa mwisho nimemlea kwa maziwa ya kopo kwa sababu nilikuwa nimelazwa. Najua humu wapo wa kopo na huwa wanaona aibu kuuliza. Huku kipimo wanachotupa ni kama mililita 600 kwa siku mtoto akiwa na miezi 7 hadi 9, na kama 400 akiwa na 10 hadi 12, chakula kikizidi kuchukua nafasi. Sikumchanganyia uji wala biskuti kwenye chupa, waliniambia nisithubutu. Maziwa ni maziwa, chakula kwenye bakuli.

Kingine nilichojifunza huku: kumwachia ashike mwenyewe. Kipande cha parachichi, kiazi kitamu kilichoiva kikalegea, urefu wa kidole chako. Atachafua nyumba. Anaweza kujikaba kidogo, uso unakuwa mwekundu, anakohoa, anarudisha, hiyo ni njia yake ya kujifunza. Akinyamaza kimya hawezi kukohoa wala kulia, hapo amepaliwa kweli, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa chini umpige mgongoni. Kila anayebaki na mtoto afundishwe hilo kabla hajapewa bakuli.

#12 mama_wa_jioni

Sikulala jana ila kwa sababu nzuri. Nimeandika karatasi, nimeibandika jikoni. Maswali mawili zaidi. Ule unga wa mama mkwe nimeshausagisha kilo kumi, nifanye nini nao? Na choo?

#13 nesi_mama_na_mtoto

Unga wenu una shida mbili. Nafaka tano kwenye unga mmoja kila moja inaiva kwa wakati wake, na soya isipokaangwa ikaiva kabla ya kusagwa inasumbua tumbo na kuzuia mwili kupokea protini. Chukua nafaka moja, ukitaka sana mbili, karanga au dagaa ongeza wakati wa kupika. Shida ya pili ni sumukuvu. Mahindi na karanga zikivunwa na kukaa na unyevu zinaota kuvu inayoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi ya aina hiyo, watoto wakiwemo. Karanga zikishasagwa ndani ya unga huwezi tena kuchagua mbovu. Nunua nzima, zichambue kwa mkono, iliyosinyaa, yenye rangi mbaya, yenye ukungu, tupa, na wala kuku usimpe.

Mama mkwe usimvunje moyo. Mwambie kliniki wameomba unga wa ulezi mtupu, atakuletea kwa furaha.

#14 Darajani_kwetu

Kuhusu choo, papai lililoiva, vijiko vitatu kila siku, na maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kikombe, mafunda machache baada ya chakula. Sasa ameshatimiza miezi sita maji anaruhusiwa, ila madogo yasije nayo yakajaza tumbo. Ndizi iwe imeiva hasa, yenye madoa. Kwangu siku ya tatu tu kikafunguka. Uji mtupu wa mahindi ndio ulikuwa unamfunga.

#15 jina_si_lazima

Samahani naomba niulize hapa hapa. Mimi natumia dawa za virusi vya Ukimwi, mwanangu anatimiza miezi sita wiki ijayo. Jirani kaniambia chakula kikianza niache ziwa siku hiyo hiyo. Ni kweli?

#16 nesi_mama_na_mtoto

Si kweli dada yangu, na asante kwa kuuliza. Umempa maziwa matupu miezi sita, sasa anaanza chakula cha nyongeza na wewe unaendelea kumnyonyesha angalau mpaka miezi 12, na unaweza kwenda hadi miaka miwili ukiwa unameza dawa zako bila kuruka. Zinazomlinda ni dawa, zako na zile alizopewa yeye. Hakikisha kiwango chako cha virusi kinapimwa, na vipimo vya mtoto usikose hata kimoja, pamoja na kile cha mwisho baada ya kuacha kunyonya. Ukitaka kuacha ziwa siku ikifika, acha taratibu, si ghafla. Ukipata vidonda kwenye chuchu au ziwa likivimba, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

#17 jina_si_lazima

Mungu akubariki. Nilikuwa nimeshanunua kopo kwa mkopo.

#18 baba_zamu_ya_usiku

Mimi ni baba, niseme mawili.

La kwanza, dada wa nyumbani. Wengi humu mmeandika kama vile yeye ndiye tatizo. Yule binti anabaki na mtoto masaa kumi na tatu, mtoto akilia anatafuta kinachomnyamazisha, na hakuna aliyemfundisha kingine. Wetu tulikaa naye Jumapili tukapika pamoja, tukampa kijiko cha kupimia na daftari aandike. Sasa ndiye anayetufundisha. Na mtoto akilia, si kila kilio ni njaa, mwingine ni usingizi, nepi, joto, upweke.

La pili, mama_wa_jioni, unaijua haki yako kazini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha atumie hadi saa mbili kwa siku kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Mtoto wako yuko Mbagala na wewe uko Posta, huwezi kwenda na kurudi, lakini unaweza kuomba saa hizo zikae mwisho wa siku utoke mapema. Mke wangu aliomba kwa barua, akaambatanisha nakala ya kadi ya mtoto. Foleni ya saa tisa si ya saa kumi na moja.

#19 mama_wa_jioni

Sikuijua. Nimefanya kazi pale miaka minne na hakuna aliyewahi kunitajia, hata siku narudi kutoka likizo. Kesho naandika barua.

#20 mama_wa_jioni (baada ya siku sita)

Mrejesho.

Chupa nimeitoa kabisa. Siku mbili za kwanza zilikuwa ngumu, alikataa kikombe ambacho alikuwa anakitumia tangu miezi mitatu, alilia, dada alinipigia simu nusu saa nzima nikamsikia mtoto analia na mimi niko kwenye kikao. Nilitoka nje nikalia na mimi. Siku ya tatu akanywa. Usiku nimemrudisha kulala nami, ananyonya mara nne tano, na nakamua ofisini kila baada ya saa tatu hata kama yanatoka matone. Siku ya tano ndiyo niliona mabadiliko, kikombe karibu kijae.

Maziwa ya kukamua Dar hii ya joto siyaachi mezani hata dakika, yanaingia kwenye barafu papo hapo. Nilikuwa nasikia saa nne yanavumilia nje, ila hizo ni za sehemu yenye ubaridi kidogo, nyuzi 25 hivi.

Kimea nimetengeneza. Bibi, nilikoroga nikadhani nimekosea kitu, maana uji uligeuka mbele yangu kama ulivyosema. Dada aliita jirani aje aone. Choo kimefunguka kwa papai.

Barua ya kazini wameipokea, majibu bado.

#21 bibi_wa_wajukuu_tisa

Ahsante mwanangu kwa kunirudishia habari. Kamua hata yakiwa matone. Ziwa linajazwa na kunyonywa, halijazwi na supu ya pweza wala na mawazo.

#22 tunda_la_Tanga

Naomba kuuliza, wa kwangu ana miezi tisa na nusu, ziwa ndilo analotaka tu, chakula anatema. Kinyume cha huyu. Nifanyeje?

#23 nesi_mama_na_mtoto

Miezi tisa na nusu geuza mpangilio, chakula kwanza, ziwa baada ya nusu saa hivi. Mchana usimpe ziwa la kila dakika kumi, mpe nafasi aone njaa. Mkalishe mnapokula wote, mpe bakuli lake na kijiko chake, akuone wewe unatafuna. Usimkamate kichwa wala kumziba pua ili ameze, nimeona watoto waliofanyiwa hivyo, wanaogopa kijiko mwaka mzima. Chakula alichokikataa leo mrudishie kesho kutwa, na tena, mara kumi ikibidi. Na mpeleke apimwe damu, upungufu wa damu unakata hamu ya kula na mama anadhani ni ukaidi.

#24 mama_wa_jioni (baada ya wiki tano)

Wakuu, nimetoka kliniki leo. Kilo 7.6. Nesi alipoweka nukta nilimwomba anionyeshe mara mbili. Mstari umeinuka.

Kazini wamekubali natoka saa tisa. Haikuwa kwa mara ya kwanza, niliambiwa nisubiri, nikarudi na kifungu cha sheria nimekiandika kwenye karatasi, kwa adabu tu, na wiki hiyo hiyo nikajibiwa. Wenzangu wawili wenye watoto wadogo nao wameandika barua zao.

Wengi mliniomba ratiba inboksi. Ratiba halisi si ile niliyobandika jikoni, ni hii ya daftari la dada. Nimemwomba ruhusa ninakili ya jana kama alivyoandika mwenyewe:

*Saa 2 na nusu maziwa kikombe, kabakiza kidogo nimemwaga.*
*Saa 4 uji wa ulezi na dagaa, kimea kijiko 1. Kala vijiko 9. Kageuza uso nikaacha.*
*Saa 6 na robo kalia, ilikuwa usingizi, kalala.*
*Saa 7 maziwa yote.*
*Saa 9 viazi, mchicha, yai kiini. Kala vijiko 6 vingine kapaka kichwani. Papai. Maji mafunda 3.*
*Choo saa 9 na nusu, laini.*
*Saa 10 kalia tena. Sikumpa kitu, tumetoka nje kuangalia kuku.*
*Mama kafika saa 11 kasorobo. Kanyonya mpaka kalala.*